Kutunza silaha ukiwa mpangaji Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani kwenye nyumba za kupanga, ambao wana silaha kihalali au wanafikiria kununua. Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na pengine hata kati ya jiji na jiji. Kwa hiyo penye sheria, soma ya mahali unapoishi kabla ya kufuata la jirani.

Mpangaji ana tofauti gani na anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe?

Tofauti kubwa ni kwamba ufunguo wa mlango wako si wako peke yako. Ofisi ya jengo inao, na fundi wa mabomba anaweza kuufuata pale. Majimbo mengi yanamtaka mwenye nyumba atoe taarifa kabla ya kuingia, mara nyingi saa 24, lakini maji yakianza kuvuja kwa jirani wa chini hakuna atakayesubiri. Mlango wako utafunguliwa wewe ukiwa kazini. Panga kila kitu ukijua kwamba siku moja mtu usiyemjua atasimama chumbani mwako bila wewe kuwepo, na kwamba atakuwa hapo kihalali kabisa.

Ndiyo maana droo ya kando ya kitanda, juu ya kabati la nguo, chini ya godoro na ndani ya sanduku la viatu si mahali pa kuhifadhia silaha. Hapo umeificha tu. Mtoto wa miaka minane akibaki peke yake alasiri moja ataifikia.

Mimi si raia. Naruhusiwa kuwa na silaha?

Inategemea hadhi yako. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye green card anaruhusiwa, hata aliyeipata kwa bahati nasibu ya viza, ilimradi hana kizuizi kingine. Aliyepokelewa kama mkimbizi, kwa mfano familia nyingi kutoka Kongo, naye hahesabiwi kuwa mwenye viza ya muda. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika. Upo msamaha, kama ule wa mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini usijitafsirie mwenyewe. Asiye na hati halali haruhusiwi kabisa. Kosa hapa linaweza kukufungisha jela na kukurudisha ulikotoka, kwa hiyo ukiwa na shaka hata ndogo, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa kitu.

Mwenye nyumba anaweza kunikataza?

Katika majimbo mengi mwenye nyumba binafsi anaweza kuweka sharti hilo kwenye mkataba, na ukisaini limekufunga. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, sheria ya jimbo inamzuia mwenye nyumba kumkataza mpangaji au mgeni wake silaha halali. Texas nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2019. Kwingineko soma mkataba wote, pamoja na kile kijitabu cha kanuni za jengo ambacho watu husaini bila kukifungua. Sharti la silaha mara nyingi hujificha humo, karibu na habari za mbwa na majiko ya mkaa.

Sheria inanilazimisha kuifungia?

Sheria ya shirikisho inamtaka muuzaji mwenye leseni akupe kifaa cha kufungia kila anapokuuzia bastola, lakini haikulazimishi wewe kukitumia. Wanaolazimisha ni majimbo. Massachusetts inataka silaha iwe imefungiwa muda wote ambao haimo mikononi mwako au chini ya uangalizi wako. Oregon iliweka sharti kama hilo mwaka 2021. Michigan, tangu tarehe 13 Februari 2024, inataka silaha isiyo na mwangalizi iwe ndani ya kasha lililofungwa, au iwe haina risasi na imetiwa kufuli, popote ambapo mtoto yupo au yumkini atakuwepo. Hata pale jimbo liliponyamaza, mtoto akiipata na mtu akaumia unaweza kushtakiwa kwa uzembe.

Kuna vifaa gani, na kipi kinatosha?

Anza na kujiuliza unamzuia nani. Mtoto na mgeni mdadisi ni kundi moja. Mwizi mwenye dakika tano na mtarimbo ni kundi jingine.

Kufuli la waya ndilo la bei ya chini kuliko yote, na mara nyingi ni bure: vituo vingi vya polisi huyagawa kupitia mpango wa Project ChildSafe. Kwa bastola ya magazini (kibebeo cha risasi kinachochomekwa mpinini), toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, pitisha waya kwenye tundu la kutokea maganda hadi utokee chini magazini inapoingilia, kisha funga. Slaidi haiwezi kurudi mbele na risasi haiwezi kuingia. Linamzuia mtoto. Mwizi halimsumbui, kwa sababu mkasi wa kukatia vyuma unaukata waya ule mara moja, au ataondoka na bastola pamoja na kufuli lake. Kufuli la kubana kifyatulio usilivalishe silaha yenye risasi hata siku moja: kifaa chenyewe kinaweza kukisukuma kifyatulio wakati unakivalisha.

Kasha la bastola ni boksi la chuma la ukubwa wa kitabu kinene, kwa kawaida kati ya dola 30 na 250. Ni zuri kwa mtu mwenye bastola moja, lakini lina uzito wa kilo mbili hadi nane tu. Lisipofungwa kwenye kitu kisichobebeka, umemfungashia mwizi mzigo wake. Atalibeba kwapani na kulifungua kwake kwa nafasi.

Kabati la chuma la bunduki ndefu huwa na kimo cha inchi 55 hivi, bamba jembamba na kufuli la ufunguo au namba. Kwa wapangaji wengi hili ndilo chaguo la busara: watu wawili wanalipandisha ngazi, linaingia kwenye kloseti, na utahama nalo. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kabati la "bunduki 14" hubeba karibu nusu ya hizo zikiwa na darubini. Pima upana wa mlango wa kloseti, kona ya ngazi na lifti kabla ya kulipia.

Juu yake kuna sefu yenyewe, kilo 100 hadi 300 na zaidi. Ni imara, lakini kila kuhama kutakugharimu mafundi wa kuibeba, na wengine hukataa kuipandisha ghorofa ya tatu isiyo na lifti.

"Geji" na "RSC" maana yake nini?

Geji ni unene wa chuma, na huenda kinyume: namba ikipanda chuma kinakonda. Geji 18 ni milimita 1.2, geji 14 ni 1.9, geji 12 ni 2.7. Chuma kikiwa chembamba kuliko geji 14, bisibisi kubwa inakunja ukingo wa mlango. RSC (Residential Security Container, yaani kasha la usalama la makazi) ni alama ya kipimo cha UL 1037, cha shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa. Kiwango chake cha kwanza maana yake mjaribu mmoja mwenye zana za kawaida za mkono alilishambulia kasha kwa dakika 5 na hakuingia. Dakika 5 zinasikika chache, lakini mwizi wa apatimenti mwenye majirani pande zote hapendi kupiga nyundo muda huo. Tafuta alama hiyo kwenye kibandiko cha ndani ya mlango, usitosheke na maneno ya tangazo.

Kufuli la alama ya kidole ni salama?

Baadhi ni salama, baadhi hapana, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Oktoba 2023 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa makasha 61,000 hivi ya alama ya kidole, na Februari 2024 ikafuata orodha nyingine ya makasha ya kampuni kadhaa. Hitilafu ilikuwa kwamba yalikuwa yakimfungulia mtu asiyesajiliwa. Aina nyingine hutoka kiwandani zikiwa zinakubali kidole chochote mpaka usajili cha kwanza. Mwenye kasha huweka kidole, kasha likafunguka, akaamini limemtambua, kumbe lingemfungulia yeyote.

Kwa hiyo ukilinunua, au kama unalo tayari, litoe silaha kwanza. Futa kumbukumbu zote, sajili vidole vyako viwili, kisha jaribu vingine vinane kimoja kimoja, ukibonyeza mara tatu tatu. Muombe mtu mzima mwingine naye ajaribu vyake kumi. Likifunguka hata mara moja, lirudishe dukani, na tafuta jina lake kwenye orodha ya bidhaa zilizorejeshwa.

Jaribio la pili ni la kasha lolote la umeme. Lifunge likiwa tupu, huku umebonyeza mpini kuelekea upande wa kufunguka, kisha ligonge juu na pembeni kwa ngumi. Makasha ya bei rahisi hushikwa na pini ndogo yenye springi. Ukiligonga, pini inaruka na mlango unaachia. Likifanya hivyo, halifai.

Vitufe vya kimakanika visivyotumia betri ndivyo tunavyovipendekeza zaidi kwa kasha dogo. Ukichagua la umeme, badilisha betri kila mwaka siku moja unayoikumbuka, na tumia aina iliyotajwa kwenye kijitabu. Betri za kuchaji hushuka volti na kuliacha kasha limekwama. Ufunguo wa dharura usikae nyumbani kwenye droo ya jikoni: watoto huujua kabla yako. Na vifute vitufe kwa kitambaa mara kwa mara, kwa sababu vile vinne vinavyong'aa kwa mafuta ya vidole vinataja namba yako ya siri.

Nikipewa ruhusa ya kutoboa, nafungaje kabati ukutani?

Pata ruhusa kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mstari mmoja. Huhitaji kueleza kilichomo. "Naomba kufunga kabati la vitu vya thamani ndani ya kloseti, matundu manne, nitayaziba nikihama" inatosha.

Kuta nyingi ni bamba la jipsamu lenye unene wa nusu inchi, lililopigiliwa kwenye nguzo za mbao zilizo umbali wa inchi 16 kati kwa kati. Jipsamu peke yake haishiki kitu. Mtu akivuta, kabati linatoka na kipande cha ukuta. Lazima uingie kwenye nguzo.

1. Tafuta nguzo kwa sumaku ndogo. Ipitishe ukutani taratibu mpaka inase: umegusa skrubu ya jipsamu. Sumaku ikinasa hapa na pale kwa mstari wa wima, nguzo ni ya mbao. Ikinasa mfululizo kutoka juu hadi chini, nguzo ni ya bati jembamba, na skrubu nene haitashika. Hapo nenda swali linalofuata.
2. Chagua ukuta wa ndani wa apatimenti yako. Ukuta unaokutenganisha na jirani umejengwa kuzuia moto, usiutoboe. Epuka pia ukuta wa nyuma ya bafu au jiko, na mstari wa wima wa juu na chini ya soketi ya umeme.
3. Toboa nguzo kwa biti ya inchi 3/16, kina cha inchi 3. Drili ikikuta chuma kigumu kabla ya kufika, simama: ni bamba la kulinda bomba au waya.
4. Kutoka ndani ya kabati, ingiza skrubu nene za kichwa cha spana, inchi 5/16 kwa inchi 3, kila moja na washa pana. Nne zinatosha. Kaza kwa spana ya mkono. Ukitumia mashine, mbao inasagika na skrubu inazunguka bure.

Tatizo la kawaida ni matundu ya kabati kutolingana na nguzo. Watu huishia skrubu mbili kwenye mbao na mbili hewani. Dawa yake ni ubao wa plaiwudi wa inchi 3/4 unaofika nguzo mbili: pitisha kwanza bolti za kabati kutoka nyuma ya ubao, ufunge ubao ukutani, kisha kabati juu yake kwa bolti hizo.

Sakafu ya zege usiitoboe bila jibu la maandishi la uongozi wa jengo. Majengo mengi yana nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa ndani ya zege. Ukikata moja unaweza kuumia vibaya, na gharama ya kutengeneza itamaliza dipoziti yako mara nyingi.

Na nikikataliwa kutoboa?

Toboa samani yako mwenyewe. Kasha la bastola lifunge kwa bolti mbili au zaidi, kutoka ndani ya kasha, kwenye sakafu ya kabati zito la nguo au kwenye fremu ya chuma ya kitanda, nati na washa pana zikiwa upande wa pili. Waya wa chuma unaokuja na kasha uzungushe kwenye fremu, sio mguu wa kitanda: mguu huinuliwa na waya ukatoka kwa chini. Bomba la maji au la joto usilifungie chochote.

Kwa kabati refu, liegemeze kwenye kona ya kloseti, upande wa kufungukia ukiwa umebana ukuta, ili mtarimbo usipate nafasi ya kupinda. Lifunge kwa bolti kwenye ubao wa plaiwudi mpana kuliko kabati lenyewe, na weka uzito chini: vyuma vya mazoezi vya kilo 60 hadi 80 vinafaa. Mchanga hunyonya unyevu, ukiutumia uwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Haitakuwa sawa na skrubu za ukutani, lakini kabati la kilo 30 lililogeuka la kilo 110, lisilopata pa kushikwa, halibebwi na mtu mmoja.

Boksi lililoleta kabati likate vipande kabla ya kulitupa. Picha ya bunduki kwenye karatasi ngumu kando ya jalala la jengo ni tangazo.

Sakafu ya ghorofani itahimili?

Kabati la kilo 70 ni sawa na mtu mmoja kusimama. Sefu ya kilo 300 ni jambo jingine: sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba pauni 40 hivi kwa futi mraba. Uliza uongozi kwanza.

Risasi nazo nizifungie?

Ndiyo, na mahali tofauti, kwa ufunguo tofauti. Ziache kwenye pakiti zake.

La muhimu zaidi ni silaha yenyewe kuingia kabatini ikiwa tupu, na kosa moja hurudiwa na watu wengi. Mtu anavuta slaidi ya bastola, risasi inaruka nje, anatosheka, kisha anatoa magazini. Alipoachia slaidi, risasi nyingine ilipanda kutoka kwenye magazini na sasa imo chemba, yaani nyuma ya mtutu, tayari kufyatuliwa. Ameshika bastola isiyo na magazini na bado ina risasi. Mpangilio sahihi: mtutu uelekee mahali salama na kidole kiwe nje ya kifyatulio, *magazini itoke kwanza*, vuta slaidi, izuie nyuma, angalia chemba kwa macho, kisha ipapase kwa ncha ya kidole kidogo. Kwenye apatimenti "mahali salama" ni pagumu, kwa sababu nyuma ya jipsamu kuna kitanda cha jirani na risasi hupenya. Ndoo iliyojaa mchanga mkavu, kwenye kloseti, ni mahali pazuri pa kuelekeza mtutu.

Nataka iwe karibu usiku. Nifanyeje?

Kasha dogo la vitufe vya kimakanika, lililofungwa kwenye fremu ya kitanda upande wako, unaloweza kulifungua gizani kwa kupapasa. Jizoeze likiwa tupu mpaka vidole vizoee. Asubuhi kabla ya kuoga silaha irudi kabatini. Iliyosahaulika juu ya meza saa 12 asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule, ndiyo inayoleta msiba.

Sina watoto. Bado nifungie?

Una wageni. Siku ya sherehe au matanga, makoti ya watu thelathini hurundikwa juu ya kitanda cha mwenyeji, na watoto wao huingia kucheza humo humo mlango ukiwa umerudishwa. Hakuna anayewaangalia, kila mtu anadhani mwenzake anawaangalia. Unayekwenda kwake na wanao nawe muulize kabla: "Shemeji, hapo kwako kuna silaha? Imefungiwa?" Si utovu wa adabu.

Ninayeishi naye amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa.

Basi asiweze kabisa kuifikia: asijue namba, asijue ufunguo ulipo. Akiwa na uwezo wa kuifungua, sheria inaweza kumhesabu kuwa anaimiliki, na wewe ukaingia matatani. Pengine ni heri silaha isikae nyumba hiyo.

Kuna mtu nyumbani amekata tamaa na maisha.

Itoe silaha nyumbani leo. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu waliojiua wenyewe, na anayetumia bunduki kwa nadra hupona. Kiu hiyo mara nyingi hupita mtu akipewa muda, na umbali ndio unaompa muda. Uliza duka la silaha au kituo cha polisi kama wanapokea kwa muda. Piga simu kwanza, usiingie nayo mkononi. Ukitaka kumpa ndugu, hakiki sheria ya jimbo, kwa sababu baadhi yanataka ukaguzi hata kwa kuazimana. Kama haiwezekani kuitoa, badilisha namba na mtu mwingine abaki nayo. Piga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa yoyote, bure. Omba mkalimani wa Kiswahili. Anayeumia ni wewe mwenyewe? Maneno haya ni yako pia.

Kabati linatia kutu.

Silaha zitoe kwenye mikoba ya sponji, hiyo hutunza unyevu. Weka kipimo kidogo cha unyevu na pakiti za silika, lenga asilimia 40 hadi 50. Futa chuma kwa mafuta mepesi kila baada ya kushika. Jasho la kiganja huacha alama ndani ya siku chache.

Bima ya mpangaji inalipa ikiibiwa?

Mara nyingi ndiyo, lakini kwa kikomo maalumu cha silaha, na dola 2,500 ni kikomo cha kawaida. Piga picha namba ya kiwandani (serial number) ya kila silaha na uihifadhi nje ya nyumba. Ikiibiwa, ripoti polisi siku hiyo hiyo.

Nahama mwezi ujao. Nianzie wapi?

Silaha zihame na wewe, si na wapakiaji: tupu, kwenye mkoba uliofungwa, risasi mbali nazo, moja kwa moja bila kulala kwenye gari. Kama unavuka mpaka wa jimbo, soma kwanza sheria ya unakokwenda. Kabati lisafirishwe tupu. Matundu ya ukutani yajaze pati mara mbili, kwa kuwa ya kwanza hunywea ikikauka, piga msasa, paka rangi, kisha piga picha yenye tarehe kabla ya kurudisha funguo.